Mbwa anayelowesha malazi apimwe mkojo, asinyimwe maji

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu ambaye barua yake kuhusu mbwa wake jike imenikosesha raha tangu nilipoisoma. Alieleza kuwa mbwa huyo, aliyekaa naye miaka mingi bila ya kumuudhi, na ambaye alifungwa kizazi zamani, ameanza uchafu uzeeni, kwa kuwa kila alfajiri gunia analolalia hukutwa limelowa mkojo. Dawa aliyoigundua, na ambayo aliwasihi wafugaji wengine wa Mombasa waige, ni kumwondolea bakuli la maji tangu alasiri hadi asubuhi, na kumcharaza fimbo mbili tatu kila gunia linapokutwa limelowa. Sina ugomvi naye wala simwiti mkatili, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufanya makosa yanayolishinda hilo. Hata hivyo, ushauri wake ukifuatwa na wengi utaua mbwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi si daktari wa mifugo. Nilikuwa karani bandarini Kilindini mpaka nilipostaafu, na haya machache ninayoyajua juu ya mkojo wa mbwa niliyanunua kwa bei ghali kupitia kwa mbwa wangu, dume wa miaka saba mwenye uzito wa kilo 28 aitwaye Chui, ambaye nilimleta nyumbani Tudor baada ya wezi kuruka ukuta na kuondoka na pampu ya maji. Katika mwaka mmoja Chui alitoa mkojo wenye damu mara tatu. Mara zote tatu nilikwenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, nikaeleza niliyoyaona, na muuzaji, bila ya kuniuliza kama mbwa ni dume au jike, wala ana umri gani, wala anakojoa kwa wingi au kwa matone, akanipimia vidonge vya antibiotiki vya siku chache. Kila mara damu ilikatika, nami nikamsifu muuzaji yule kwa kila aliyenisikiliza barazani. Nilikuja kufahamu baadaye kuwa damu ya ugonjwa aliokuwa nao Chui huja na kwenda yenyewe, na kwamba nilikuwa nikimpa mtu sifa ya kazi ambayo dawa yake haikuifanya.

Mara ya nne haikuanza kwa damu. Chui aliinua mguu penye mwembe, akasimama hivyo muda mrefu, yakadondoka matone mawili. Akahamia kwenye ukuta, akainua tena, hakikutoka kitu. Mwishowe akachutama kama mbwa jike na kujikamua mpaka mgongo ukapinda. Kijana anayetulindia lango alinihakikishia kuwa mbwa amefunga choo, nami nilimwamini, tukamnywesha mafuta ya kupikia usiku ule na tukamnywesha tena asubuhi. Ilipofika siku ya pili jioni alikuwa anatapika, hataki hata kichwa cha samaki, na tumbo lake chini lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Madereva wawili wa tuktuk walikataa kumpakia mbwa, wa tatu akakubali baada ya mimi kutandika magunia mawili na kuahidi kuiosha tuktuk mwenyewe, tukavuka daraja kwenda kwa daktari upande wa Nyali.

Daktari hakuhitaji zaidi ya kulishika lile tumbo. Alinieleza jambo ambalo, kwa umri wangu wote, sikuwahi kulisikia: kwamba ndani ya uume wa mbwa dume mna mfupa, na kwamba mrija wa mkojo hupita katika mfereji mwembamba ulio chini ya mfupa huo, mahali ambapo hauwezi kutanuka. Jiwe dogo linaloshuka kutoka kwenye kibofu hupita sehemu nyingine zote za mrija, kisha hukwama hapo kwenye mlango wa mfupa. Mkojo ukishazibwa, kibofu hujaa, figo hushindwa kutoa taka, na potasiamu hulimbikizana katika damu mpaka mapigo ya moyo yanapungua na kuharibika. Mbwa aliyezibwa kabisa huweza kufa katika muda wa siku mbili au tatu, ikiwa kibofu hakikupasuka kabla ya hapo. Mafuta yangu ya kupikia yalikuwa yamempotezea saa 24 kati ya hizo.

Alitundikiwa dripu, akapimwa damu, kisha daktari akajaribu kupitisha mpira wa mkojo, na mpira ule ukagota kwenye kitu kigumu palepale alipokuwa ametabiri. Kwa kusukuma maji ya dripu kwa nguvu kupitia mpira huo, alilirudisha jiwe ndani ya kibofu, akaukamua mkojo uliokuwa na rangi ya ukwaju, akampiga eksirei. Mawe yalikuwa matano. Kesho yake kibofu kilipasuliwa yakatolewa, makubwa yake yakiwa kama punje za mbaazi na yana miiba midogo midogo mfano wa fenesi changa. Yalipochunguzwa yalionekana kuwa ya kalisiamu okzaleti, aina ambayo haiyeyuki kwa dawa yoyote wala kwa chakula chochote, na ambayo kwa mbwa hutokea zaidi kwa madume. Vidonge vyote vile vya antibiotiki havikuwa na la kufanya mbele ya mawe hayo.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu la suala la maji. Wanaotoka pande za Gongoni, kaskazini mwa Malindi, wanajua vizuri namna chumvi inavyotengenezwa: maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa mapana, jua huyanywa, na yanapopungua mno chumvi iliyokuwa imeyeyuka hukosa pa kukaa, ikajitokeza punje punje. Kibofu cha mbwa asiyepewa maji hufanya kazi hiyohiyo. Figo hubana kila tone zinaloweza kulibana, mkojo unakuwa mzito na wa manjano iliyokolea, na madini yaliyomo ndani yake huanza kugandana. Mkojo ule ukikaa saa nyingi bila ya kutolewa, punje hupata wasaa wa kukua, na bakteria waliopanda kupitia mrija hupata wasaa wa kuzaana, badala ya kusukumwa nje kila baada ya saa chache. Kumnyima maji mbwa mwenye tatizo la mkojo ni kumzidishia.

Hapa mjini kwetu jambo hili lina uzito wake. Joto la Mombasa na unyevu wake humfanya mbwa aheme mchana kutwa, naye hupoteza maji kwa kuhema kama sisi tunavyopoteza kwa jasho. Maji yenyewe ya mfereji, katika mitaa mingi, huja kwa zamu, na dumu la lita 20 linaloletwa kwa mkokoteni lina bei yake, kwa hiyo si ajabu bakuli la mbwa likawa la mwisho kukumbukwa. Wapo wanaotumia maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, wakaona bakuli limejaa wakatosheka, kumbe mbwa anayanusa tu na kuyaacha. Tena mbwa wetu wengi wa ulinzi hufungwa mnyororo tangu alfajiri mpaka wageni na mafundi waondoke jioni, na mbwa aliyelelewa vizuri hakojoi pale anapolala. Hubana. Mwenye nyumba humsifu kwa usafi wake, wala hajui gharama yake.

Kipimo ni rahisi, na chupa tupu ya lita moja na nusu yatosha kukifanya. Mbwa mzima mwenye afya hunywa wastani wa mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, akipungukiwa na hapo kama chakula chake ni cha majimaji na kupita kidogo siku za joto kali. Kwa Chui wangu ni kiasi cha lita moja na nusu. Ukijaza bakuli kwa chupa, ukahesabu ulichomimina na ukatoa kilichobaki baada ya siku moja, umepata jibu. Akizidisha mililita 100 kwa kilo, ambazo kwa mbwa wa kilo 28 ni karibu lita tatu, basi kuna ugonjwa unaomfanya anywe: huenda ni figo zilizochakaa, huenda ni kisukari, na kwa jike ambaye hajafungwa kizazi huenda ni usaha uliojaa katika mfuko wa uzazi, ambao huua haraka. Mbwa wa namna hiyo hakojoi sana kwa kuwa anakunywa sana. Anakunywa sana kwa kuwa figo zake zimeshindwa kuyazuia maji yasitoke. Mwondolee bakuli saa kumi alasiri, naye ataendelea kukojoa usiku kucha maji asiyoyarudisha, na asubuhi utamkuta amelegea.

Sasa nirudi kwa mbwa wa msomaji mwenzangu. Katika barua yake mna maneno mawili ambayo, nadhani, aliyaandika bila ya kuyatilia maanani: kwamba mbwa amefungwa kizazi, na kwamba gunia hulowa wakati amelala. Mchana, kwa maelezo yake mwenyewe, mbwa huyo huenda bustanini na kukojoa kama kawaida. Daktari wetu alinieleza kuwa hali ya namna hii inajulikana sana kwa majike waliofungwa kizazi, hasa wale wenye miili mikubwa, na kwamba yaweza kuanza miezi kadhaa au miaka mingi baada ya upasuaji. Jike akifungwa kizazi hutolewa ovari, na homoni ya kike ikishatoweka mwilini, msuli unaofunga mlango wa kibofu hulegea, na mbwa akilala usingizi mzito mkojo huvuja wenyewe bila ya yeye kujua. Ndiyo maana huamka akashangaa, akajilamba, akalihama gunia. Ipo dawa ya kunywa kila siku ya kukaza msuli huo, na mbwa wengi wanaopewa hukauka. Kumpiga kiumbe kwa jambo lililompata usingizini hakumfundishi kitu, isipokuwa kuiogopa asubuhi. (Nisieleweke kuwa nawapinga wanaowafunga mbwa wao kizazi. Jike aliyefungwa huepuka usaha wa mfuko wa uzazi nilioutaja, na akifungwa mapema hupunguziwa uvimbe wa matiti. Naona faida hiyo ni kubwa kuliko gunia lililolowa.)

Siwezi kuapa kuwa hilo ndilo lililompata. Yawezekana pia ni maambukizi ya kibofu, ambayo humpata jike kwa wepesi zaidi kuliko dume kwa sababu mrija wake ni mfupi na mpana, na bakteria wa matumboni, hasa yule aitwaye E. coli, hana safari ndefu ya kupanda. Mbwa mwenye maambukizi hukojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, pengine kwa kulia, hujilamba bila kukoma, na mkojo wake hunuka kuliko kawaida. Baadhi ya bakteria huyageuza mazingira ya mkojo yakawa ya kialikali, na humo hujengeka mawe ya aina nyingine, ya struviti, ambayo tofauti na yale ya Chui huweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu na antibiotiki iliyochaguliwa vizuri, kwa muda wa wiki kadhaa, bila ya kisu. Mtu aone basi tofauti ilivyo kubwa: mbwa wawili wenye damu ileile kwenye mkojo, mmoja anahitaji kupasuliwa na mwingine anahitaji kulishwa. Kwa kumtazama tu kutoka upande wa pili wa meza ya duka, hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Na hata hiyo damu si lazima itoke kwenye kibofu. Wiki mbili nilizokuwa nikimpeleka Chui kufunguliwa nyuzi nilikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wafugaji wenzangu, nikajifunza mengi. Palikuwa na mbwa mmoja aliyeletwa kwa mkojo mwekundu, na mwenyewe ameshammalizia vidonge vya kibofu, kumbe ni homa ya kupe: vijidudu vinavyoletwa na kupe vilikuwa vinapasua chembe za damu, na rangi yake ikatoka katika mkojo uliofanana na kahawa chungu ya Mji wa Kale, huku ufizi wake umekuwa mweupe kama karatasi. Daktari aliuzungusha mkojo ule katika mashine, akatuonyesha kuwa haukutuama: damu ya kibofu hushuka chini na kuacha mkojo safi juu, lakini ule ulibaki na rangi moja kutoka juu hadi chini. Palikuwa na dume mzee ambaye hakuhasiwa, tezi yake ya kiume imevimba na inadondosha damu hata asipokojoa, akaambiwa dawa ni kuhasiwa, na tezi itanywea yenyewe. Na palikuwa na jike aliyezoea kutoroka usiku, ambaye damu yake ilitoka kwenye uvimbe ukeni, ule unaoambukizwa mbwa kwa mbwa kwa kupandana na ambao hutibiwa kwa sindano za kila wiki. Wote hao, kama wangefika kwenye duka nililozoea mimi, wangepewa vidonge vilevile.

Hapo ndipo malalamiko yangu yalipo, Bwana Mhariri, na yananihusu mimi kabla ya muuzaji. Sisi hatupendi kupima, tunapenda kununua. Wako wanaompa mbwa vidonge vilivyobaki baada ya mtoto kupona, na wako wanaompa dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mbwa hazivumilii: humtoboa vidonda vya tumbo na hupunguza damu inayofika kwenye figo, yaani humharibia kiungo kilekile tunachotaka kukiokoa. Antibiotiki nayo si adui. Niliambiwa kuwa jike mwenye maambukizi ya kawaida huweza kupona kwa dozi ya siku tatu hadi tano tu, kwa hiyo muuzaji wangu hakukosea katika hesabu ya siku. Alikosea kwa kutojua anatibu nini. Tukiendelea kumimina dawa juu ya mawe na uvimbe, tunawafundisha bakteria usugu, na bakteria wa mbwa wangu hawajui mpaka kati yake na wajukuu zangu wanaocheza katika ua uleule.

Kupima mkojo si jambo la kutisha. Mimi huamka alfajiri, nikachukua upawa wa zamani niliouchemsha na kuufunga kwenye fimbo ndefu, na Chui akiinua mguu huusogeza chini yake polepole. Siku ya kwanza alinitazama kwa mshangao mkubwa, siku hizi amezoea kuliko jirani zangu. Mkojo hutiwa kwenye chupa ndogo safi na kufikishwa kwa daktari ndani ya saa moja, au huwekwa kwenye friji, jambo ambalo mke wangu amelipiga marufuku kabisa, na kumbe ana hoja hata kitaalamu, kwa sababu mkojo uliopoa huweza kufanya punje ambazo hazikuwamo ulipotoka. Atakayeuweka kwenye friji amweleze daktari. Daktari huchovya kijiti chenye rangi, hupima uzito wa mkojo, na hutazama tone lake kwa darubini. Akitaka kuotesha vijidudu ili ajue dawa ipi inawaua, hupendelea kuvuta mkojo moja kwa moja kutoka kwenye kibofu kwa sindano nyembamba kupitia ngozi ya tumbo. Niliposikia hivyo nilifumba macho; nilipoyafumbua kazi ilikuwa imekwisha. Kipimo cha mkojo kimenigharimu fedha kidogo kuliko vile vidonge vya mara tatu, na upasuaji ulikula pensheni yangu ya zaidi ya mwezi mmoja.

Kuna jambo la majirani ambalo sitalikwepa, kwa kuwa mji wetu ni mji wa watu wa dini. Waliniuliza wenzangu msikitini kulikoni mzee mzima kuonekana kwenye tuktuk amempakata mbwa. Niliwajibu kuwa najua fika msimamo wa madhehebu yetu ya Shafii juu ya najisi ya mbwa na kuosha mara saba, moja kwa udongo, na nguo zangu niliziosha hivyo. Lakini mbwa wa ulinzi tumeruhusiwa, na sote tumehadithiwa tangu chuoni habari za yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa kwa sababu yake. Mlango ukishafungwa kwa mbwa kuingia ndani, bado maji yanamfikia nje.

Na anayeosha sakafu iliyokojolewa avae glavu na amwage dawa ya klorini, kwa sababu nyingine isiyokuwa ya dini. Upo ugonjwa wa leptospira, unaoletwa zaidi na panya, ambao hujificha katika figo na kutoka kwa mkojo, ukaishi kwenye maji na matope kwa wiki nyingi. Mbwa huupata kwa kunywa au kukanyaga maji machafu, huharibika figo na ini, na huweza kumwambukiza mtu mwenye mchubuko mkononi. Mwaka 2023, mvua za Novemba zilipoigeuza mitaa ya Mombasa kuwa mito, panya na mbwa walipita katika maji hayohayo tuliyopita sisi. Chanjo yake ipo na hurudiwa kila mwaka, lakini wengi wetu tukisikia chanjo ya mbwa tunafikiri ni ile ya kichaa tu. Idara ya mifugo ya kaunti ingetufaa sana ikiwa, katika siku za kuchanja kichaa cha mbwa, ambazo mara nyingi huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba, ingemweka ofisa mmoja pembeni mwenye vijiti vya kupimia mkojo, hata kama ni kwa malipo. Mbwa wamekwisha letwa, wamekwisha fungwa kamba, na wenyewe wamesimama foleni hawana la kufanya.

Chui yu hai. Ugali wake sasa hupikwa laini kama uji mzito, ukaongezwa vikombe viwili vya maji na supu ya samaki isiyotiwa chumvi, na bakuli lake la maji liko kivulini, linabadilishwa asubuhi na jioni kwa maji ya mkokoteni na si ya kisima. Hufunguliwa mara nne kwa siku, hata wageni wakiwapo. Kwa kuwa mawe ya aina yake hupenda kurudi, hupimwa mkojo kila baada ya miezi michache, na tayari mara moja punje zimeonekana tukazidisha maji zikapotea.

Kwa msomaji mwenzangu naomba haya tu: alirudishe bakuli usiku wa leo, apime kwa chupa mbwa anakunywa kiasi gani kuanzia asubuhi hadi asubuhi, kisha akinge mkojo wa alfajiri na aufikishe, pamoja na mbwa mwenyewe, kwa daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, na asisahau kumwambia kuwa gunia hulowa wakati mbwa amelala. Akikosa upawa, wa kwangu upo. Nami nitafurahi kuyasoma majibu ya kipimo hicho katika ukurasa huuhuu.

Wako mtiifu,
Karani mstaafu,
Tudor, Mombasa